Ana miaka 9 bado anakojoa kitandani, na Januari anatakiwa kwenda bweni

"Habari dokta. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Mwanangu wa kwanza ana miaka 9 yuko darasa la nne, akili anayo, mpira anacheza, shida ni moja tu, hajawahi kuacha kukojoa kitandani. Tangu amezaliwa hatujawahi kumaliza wiki godoro likiwa kavu. Analala chumba kimoja na binamu zake wawili na wanamcheka. Hospitali tumeenda mara mbili wakasema UTI, akachomwa sindano, hakuna kilichobadilika. Mchana yuko sawa. Nikimuamsha saa sita usiku anakojoa vizuri lakini saa kumi ameshalowa tena. Maji nimemkataza kuanzia saa kumi jioni. Baba yake anamchapa, anasema ni uvivu na mimi namdekeza. Mama mkwe anataka tumfunge chura kiunoni, anasema mwanawe mmoja alifungwa na akaacha. Wifi yangu akanivuta pembeni akaniambia huyo mwana ndio mume wangu mwenyewe, na aliacha akiwa darasa la sita! Sasa Januari mtoto anaingia la tano na baba yake ameshachukua fomu ya shule ya bweni, anasema huko wenzake watamkomesha. Silali kwa mawazo. Kuna dawa? Nimpeleke bweni hivyo hivyo?"

Mama, pole sana, na nashukuru umeandika yote bila kuficha manake kwenye hili jambo wengi wanatuma mstari mmoja halafu mimi nabaki kubahatisha. Umeuliza vitu viwili, kama kuna dawa na kama mtoto aende bweni. Nitakujibu vyote lakini sitaanza na dawa. Dawa ipo, ila ukiikimbilia kabla hujaelewa nini kinatokea kwenye mwili wa huyu mtoto usiku utatumia hela na baada ya miezi miwili mtakuwa pale pale.

Tuanze na hilo la uvivu. Mtu aliyelala hawezi kufanya uvivu. Mwanao anajua kwamba amekojoa akishalowa, na wengine hata hapo hawajui mpaka baridi ya alfajiri iwaamshe. Hebu fikiria, mtoto wa miaka 9 anachekwa na binamu zake kila kukicha, anachapwa, anaanika godoro majirani wakiona, halafu eti yote hayo anayataka mwenyewe kwa sababu anaona uvivu kwenda chooni? Ingekuwa ni kutaka kwake angeshaacha zamani sana.

Na wala hayuko peke yake. Sisi tunaanza kuliita tatizo mtoto akishatimiza miaka 5, na kwa watoto wa miaka 7 karibu mmoja katika kila kumi bado analowesha kitanda, wavulana zaidi kuliko wasichana. Baada ya hapo wanapungua, kila mwaka kama 15 katika kila 100 wanaacha wenyewe bila dawa yoyote. Kwa hiyo hata humo humo kwenye darasa lake kuna wenzake, sema kila mmoja anaijua siri yake tu.

Sasa kinachotokea ni hivi. Figo zinatengeneza mkojo mchana na usiku, hazina mapumziko. Lakini ikiingia usiku ubongo unaachia kwa wingi homoni inayoitwa vasopresini, kazi yake ni kuziambia figo zirudishe maji mwilini, ndio maana mkojo wako wa asubuhi unakuwa mchache kwa masaa uliyolala na rangi yake imekolea. Kuna watoto ambao hii ratiba ya usiku inachelewa kukaa sawa, saa nane za usiku figo zao zinatoa mkojo kwa kasi ile ile ya mchana. Hilo moja. Kitu cha pili ni kibofu chenyewe. Mtoto wa miaka 9 tunatarajia kibofu chake kibebe kama mililita 300, hesabu tunayotumia ni umri ongeza moja halafu zidisha kwa 30, sasa wapo ambao kibofu kinaanza kujikunja na kutaka kumwaga kabla hata hakijafika hapo. Cha tatu ndio kile kinachowaudhi wazazi, kuamka. Kibofu kikijaa kinapeleka taarifa kwenye ubongo, wewe inakuamsha, yeye ni kama simu iliyowekwa sailensi, inaita kweli kweli ila mwenyewe hasikii. Hilo la kutoamka wanalo karibu wote, manake mtoto mwenye mkojo mwingi lakini anayeamka ataenda chooni mara mbili na habari itaishia hapo.

Unaweza kujua wa kwako ameegemea wapi. Chukua jagi la plastiki lenye alama za mililita (nunua jingine jamani, sio la jikoni) na Jumamosi na Jumapili mwambie akojolee humo mchana kutwa, mnaandika. Ule wa kwanza asubuhi uacheni. Kama mkojo mkubwa kuliko yote haufiki hata mililita 200, basi kibofu chake kinabeba kidogo. Kama unafika 300 vizuri halafu usiku shuka linalowa chapachapa mpaka godoro, na anarudia tena saa kumi kama unavyosema, nitafikiria zaidi upande wa figo na ile homoni. Hii taarifa ni dhahabu kwa daktari atakayekuona, itaamua dawa ipi ina nafasi ya kufanya kazi.

Mambo haya yanarithiwa mno. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, mtoto ana uwezekano wa karibu asilimia 44, wakiwa wote wawili inapanda mpaka kama 77, na kama hakuna hata mmoja ni 15 hivi. Mwaka 1995 watafiti wa Denmark walitangaza kwamba kwenye baadhi ya familia wamelifuatilia tatizo hili mpaka kwenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) namba 13. Kwa hiyo alichokunong'oneza wifi yako sio umbea, ni historia ya ugonjwa, na kwa upande wangu ndio sentensi muhimu kuliko zote ulizoandika. Mwanao kachukua kwa baba yake, na kuna dalili nzuri kwamba ataacha kama baba yake alivyoacha, swali ni tunafanya nini katikati hapa.

Chura sasa. Sina ugomvi na mama mkwe, alifanya alichokijua na nia yake ilikuwa njema. Ila angalia hesabu, kama watoto 15 katika 100 wanaacha wenyewe kila mwaka, basi chochote utakachowafanyia hao 100 mwaka huo, chura, panzi, majivu, kuna 15 watasema kimewaponya. Chura anachukua sifa ya ubongo uliokomaa. Na wewe mwenyewe umeambiwa mumeo aliacha darasa la sita, muulize mama kwa upole huyo chura alifungwa darasa la ngapi. Kinachonitisha mimi sio chura hata, ni wale wanaofunga uzi au raba bendi kwenye uume wa mtoto ili mkojo usitoke. Hiyo msithubutu kabisa, damu inakatika, uume unavimba, na mtoto anaweza kuishia chumba cha upasuaji. Nalisema hapa manake mara nyingi likishindikana la chura linalofuata ni hilo.

Na fimbo. Miaka yote hiyo amechapwa na bado analowa, hicho peke yake ni kipimo tosha. Kinachobadilika kwa mtoto anayechapwa ni kwamba anajifunza kuficha, utakuta kaptura imekunjwa ikiwa mbichi nyuma ya kabati, anaogopa kulala, anakaa macho mpaka saa tano halafu akizama ndio anazama kweli kweli. Na siku akiwa na shida kubwa zaidi, maumivu au mtu kamgusa vibaya, hatakuja kukwambia, manake ameshajua habari za chini ya kiuno zinaishia kwenye bakora.

Kuhusu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nitasema ukweli ingawa wenzangu wengine hawatapenda. Kwetu hapa kila mtoto anayekojoa kitandani anaondoka na dozi ya UTI. Mkojo unapimwa, zinaonekana seli chache za usaha, sindano tano, nenda nyumbani. UTI ipo na inaweza kweli kumfanya mtoto alowe, hasa yule aliyekuwa mkavu akaanza ghafla, lakini huyo anakuwa na maumivu, homa, anakwenda chooni kila dakika kumi, mkojo unanuka vibaya. Mtoto aliyelowa tangu azaliwe, hana homa, haumwi popote, mchana anacheza mpira, uwezekano wa kwamba amekuwa na UTI miaka tisa mfululizo ni mdogo sana. Wakikwambia tena ni UTI sugu omba mkojo uoteshwe maabara waone kama kweli kuna vijidudu kabla hajachomwa chochote.

Sasa nifike nilikotaka kufika. Umeandika "mchana yuko sawa" halafu ukapita, na mimi hapo ndipo ninaposimama, kwa sababu kitanda cha mtoto kama wako kinaanza kukauka mchana, sio usiku. Usiku huna unachoweza kumfundisha, amelala. Kliniki nikiuliza "shuleni unaenda chooni mara ngapi?" mama ananiangalia mimi na mtoto anaangalia viatu vyake. Jibu mara nyingi ni sifuri. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wavulana 25 na moja kwa wasichana 20, na wewe wa Mbagala huhitaji mimi nikusimulie darasa la mwanao lina watoto wangapi na mapumziko ya saa nne yana foleni gani, mlango haufungi, maji hakuna, wakubwa wanachungulia. Kwa hiyo mtoto anafanya hesabu yake ya akili kabisa, asinywe maji asubuhi, asiende chooni, abane mpaka saa tisa. Akifika nyumbani anakimbilia chooni begi likiwa bado mgongoni, halafu anakunywa vikombe vitatu vya maji kwa mpigo kwa sababu alikuwa na kiu tangu asubuhi. Halafu saa kumi wewe unafunga bomba.

Umeona kinachotokea? Kibofu kutwa nzima hakijapata mazoezi ya kujaa taratibu na kumwaga chote kwa utulivu, kimebanwa, na mkojo ulioko ndani ni mzito unaokiwasha. Kisha maji yote ya siku yanaingia jioni. Kumkataza maji saa kumi kwa mtoto wa Dar aliyeshinda juani ni kumtesa bure na hakuukaushi usiku. Fanya kinyume chake. Umri wake anahitaji lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, sehemu kubwa aimalize kabla ya saa kumi na moja jioni. Kikombe kimoja au viwili kabla hajatoka nyumbani, chupa ya kwenda nayo shule na arudi nayo tupu, kikombe na chakula cha mchana, kingine akirudi. Usiku anywe kidogo na chakula, na saa moja au mbili kabla ya kulala aache, akiwa na kiu atie funda mbili tatu asinyanyaswe. Chai usiku hapana, ya rangi wala ya maziwa, majani ni yale yale na yana kafeini, soda nyeusi hapana, na kama ni mpenzi wa tikiti ampe heshima yake saa nane mchana.

Chooni aende hata kama hasikii, asubuhi akiamka, mapumziko, mchana, akirudi, jioni, na usiku mara mbili, anakojoa, anapiga mswaki na kuvaa, halafu anakojoa tena ndio anapanda kitandani. Hilo la shule nenda kaongee na mwalimu wa darasa uso kwa uso, mwambie tu mtoto ana tatizo la kibofu anatibiwa, aruhusiwe kutoka nje ya mapumziko wakati hakuna foleni. Walimu wengi wakielezwa hivyo hawana neno.

Halafu kuna choo kikubwa. Najua hukutegemea, lakini niambie, anaenda kila siku? Kinatoka kigumu, kikubwa, anajikamua? Sehemu ya mwisho ya utumbo iko nyuma kabisa ya kibofu, ikijaa mavi makavu inakisukuma, kibofu kinakosa nafasi ya kutanuka na kinaanza kujikunja hovyo. Mtoto anayebana mkojo shuleni anabana na hicho pia. Mzazi wa mtoto wa miaka 9 mara nyingi hajui, hamfuati tena chooni. Fuatilia wiki moja. Kama kipo kigumu, maji yale niliyosema yatasaidia, papai, mboga za majani, maharage, na akae chooni dakika tano mpaka kumi baada ya kula bila haraka, kama choo ni cha kukaa miguu ikanyage kitu isining'inie. Kikigoma daktari atamwandikia dawa ya kulainisha kama laktulosi na itatumika wiki nyingi, sio siku tatu. Wapo watoto si wachache ambao choo kikitibiwa tu kitanda kinakauka chenyewe, na wazazi wanabaki wanashangaa.

Kumuamsha saa sita hakuna ubaya kama lengo lako ni kuokoa shuka, lakini sio matibabu. Angalia anavyoamka, macho yamefumba nusu, unamshika mabega unamwelekeza, anakojoa amesimama usingizini, asubuhi ukimuuliza hakumbuki. Hapo aliyejifunza kuamka ni wewe. Ukichoka acha, hujaharibu kitu.

Na yale ya kitandani yafanyeni yawe mepesi. Karatasi nzito la nailoni juu ya godoro, shuka, halafu juu yake kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne chini ya kiuno, ikilowa anaivuta anaitupa kwenye ndoo yenye mfuniko anaendelea kulala. Asubuhi aoge kwa sabuni kabla ya shule hata kama ana haraka, kinachomuaibisha darasani ni harufu. Asaidie kutoa kanga, ni wa miaka 9 anaweza, ila sio adhabu na sio kwa kelele, na godoro lisianikwe mbele ya barabara. Binamu zake waite uwaambie mara moja, hakuna kumcheka, atakayecheka ataosha yeye. Ukitaka kumpa zawadi au kumchorea nyota kwenye kidaftari, mpe kwa kumaliza chupa ya maji na kwenda chooni, hivyo anaviweza. Usimpe kwa kuamka mkavu, hicho hakiko mikononi mwake na siku akilowa utakuwa umempokonya nyota kwa kosa ambalo si lake.

Nendeni hivyo kama wiki sita. Isipotosha, kuna njia mbili zenye ushahidi.

Ya kwanza ni alamu ya mkojo, kifaa kidogo chenye kihisio kinachobanwa kwenye chupi, tone la kwanza tu kinalia. Hadithi yake inanifurahisha, daktari Mwaustria Pfaundler mwaka 1904 alitengeneza kifaa cha namna hiyo ili wauguzi wodini wajue nani amelowa wambadilishe, kisha akaona watoto wenyewe wanaanza kuacha. Mwaka 1938 Mowrer na mkewe huko Marekani wakaigeuza kuwa tiba rasmi. Karibu theluthi mbili ya watoto wanakauka wakiwa nayo, na kama nusu wanabaki wakavu hata ikiondolewa, hakuna dawa ya kumeza inayofikia hapo. Kasoro zake nazo nizitaje. Inachukua miezi miwili mpaka mitatu kila usiku bila kuruka, tunaacha akishapata siku 14 mfululizo za ukavu. Wiki za mwanzo italia nyumba nzima iamke isipokuwa mwenyewe, kwa hiyo mzazi inabidi alale naye, amwamshe kabisa mpaka ajibu jina lake, aende chooni akamalizie. Na chumba kile wako watatu. Madukani hapa haipatikani kirahisi, wengi wanaagiza. Alamu ya simu ya kawaida haifanyi kazi hiyo, yenyewe inalia saa uliyoiweka wewe, haijui kibofu kinasema nini.

Ya pili ni kidonge cha desmopresini, ni ile homoni ya usiku kwa namna ya dawa, anameza karibu saa moja kabla ya kulala na figo zinapunguza mkojo usiku huo huo. Inafaa zaidi yule ambaye kibofu chake kinabeba vizuri ila mkojo ni mwingi, ndio maana nikakwambia upime kwa jagi. Ukiiacha mara nyingi tatizo linarudi, ni ya kuvusha muda sio kung'oa mzizi. Famasi kubwa za Dar utaipata, ila bei yake si ya mchezo na ni ya kuandikiwa na daktari. Jambo moja usilisahau, akishaimeza hatakiwi kunywa maji mengi mpaka asubuhi, masaa nane, manake figo zimefungwa na maji yakijaa mwilini chumvi ya damu inashuka, mtoto anaweza kupata degedege. Siku ana homa, anatapika au anaharisha haimezi. Ile ya kupuliza puani usinunue hata ukiiona, tangu 2007 Marekani waliizuia kwa tatizo hili kwa sababu hiyo hiyo ya degedege.

Kuna watakaokupa amitriptilini au imipramini, dawa za sonona, kwa kuwa ni rahisi. Zinasaidia wengine, lakini zikizidi zinavuruga moyo, na nyumba yenye watoto wadogo wawili wanaookota kila kitu mimi siziweki humo bila sababu nzito na bila daktari bingwa kuzisimamia.

Kabla ya hayo yote lakini mtoto aonwe na daktari ana kwa ana mara moja, kwa utaratibu sio kwa dharura. Apimwe mkojo na sukari, aguswe tumbo, aangaliwe mgongo na miguu. Kama hajawahi kupimwa selimundu (sickle cell) apimwe, watoto wenye selimundu figo zao zinashindwa kukoleza mkojo kwa hiyo wanakojoa mwingi mno usiku, na Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani. Kama likizo huwa anaenda kijijini kanda ya ziwa au Pemba na kuogelea kwenye mabwawa au majaruba ya mpunga muulize mkojo wa mwisho mwisho una damu, hicho ni kichocho na dawa yake ni prazikwanteli. Akiwa anakoroma sana na kulala mdomo wazi aangaliwe nyama za pua, hizo nazo zinahusika.

Usisubiri foleni ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo, ikiwa anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, au umeona sisimizi wanafuata mkojo wake, hiyo inaweza kuwa kisukari cha watoto na ndani ya siku chache akazimia. Damu kwenye mkojo, maumivu, mkojo unaotoka kwa matone au kulazimisha, kulowa na mchana, miguu kukosa nguvu, hayo nayo hayangoji. Na kwa mzazi mwingine anayesoma hapa, mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza tena ni habari tofauti na ya mama huyu, hapo tunatafuta kilichotokea, ugonjwa, msiba, wazazi kutengana, au mtu kumfanyia kitu. Muulize taratibu mkiwa wawili, na kama ni hilo la mwisho namba 116 ya kusaidia watoto haina malipo.

Turudi kwa baba. Usimwambie kwamba wifi amekuambia, utamwaibisha na utamponza wifi na mtoto ndiye atakayelipa. Nenda naye kliniki. Daktari atauliza mwenyewe "kwenye familia kuna aliyechelewa kuacha?", hilo ni swali la kawaida tunamuuliza kila mzazi, mwache alijibu kwa wakati wake. Nimeona wababa wakikaa kimya pale, wakitazama dirishani, halafu njiani kurudi wakamwambia mtoto wenyewe. Mtoto kusikia kutoka kwa baba yake "na mimi nilikuwa hivyo" kunamtua mzigo ambao mimi na wewe hatuwezi kuutua. Akikataa kwenda, basi angalau muombe mwezi mmoja bila fimbo, mwambie ni sharti la dokta, nisingizie mimi.

Bweni. Maoni yangu, ukiniuliza kama daktari, Januari hii asiende. Waraka wa elimu wa mwaka 2023 ulizuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, kwa hiyo mwanao ndio kwanza anaufikia umri unaoruhusiwa, akichelewa mwaka mmoja au miwili hapotezi kitu. Hilo la "watamkomesha" naomba lifutwe kabisa. Watoto 40 kwenye bweni moja hawamkomeshi mtoto kibofu, wanampa jina ambalo litamfuata mpaka amalize shule ya msingi, na huko hakuna wa kumbadilishia kanga usiku, kwa hiyo ataacha kunywa maji tena, ataanza kubana tena, na kila mlichojenga kinabomoka.

Ila najua kuna nyumba ambazo neno la baba limeshatoka na hela imeshalipwa. Sasa ni Agosti, mna miezi mitano, inatosha kujaribu ya mchana na pengine alamu. Kama bado, hapo ndipo desmopresini inapofaa, aijaribu nyumbani wiki mbili tatu likizo ya Desemba mjue inamkubali na kwa dozi gani, asiende kuanzia kule. Ongea na matroni peke yake, sio mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wengine siku ya kuripoti, dawa abaki nayo matroni. Omba kitanda cha chini karibu na mlango, kifuko cha nailoni cheusi, kanga nne, kaptura za ziada, na ruhusa ya kwenda bafuni kabla ya kengele. Kabla ya kulipa ada yenyewe mpigie huyo matroni simu umweleze na usikilize anavyopokea. Akicheka, au akisema "huku tunawaanika na magodoro yao", umeshapata jibu la hiyo shule.

Anza na jagi wikiendi hii na kidaftari cha maji na choo, wiki moja inatosha kuwa na kitu cha kumwonyesha daktari. Hospitali ya rufaa ya Temeke haiko mbali na wewe, ulizia siku ya kliniki ya watoto, na ukifika mtoto aongee yeye kwanza.